Maki kwenye Sanduku la Nasra

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la rangi nyeusi, brashi mbili na onyo moja. Onyo lilitoka kwa mwenye ghala, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya plastiki tangu asubuhi mpaka jioni. Wafanyakazi wote tulimwita Laobanniang, yaani bosi wa kike, na mpaka leo silijui jina lake jingine. Alinipeleka mbele ya marobota ya nguo yaliyopangwa hadi karibu na paa, akachagua moja, akaligonga kwa kidole pale palipoandikwa herufi tatu na nambari.

"Zhe shi ren," akasema. Huyu ni mtu. Aliponiona nimeduwaa, akaongeza kwa Kiswahili alichookota kwa wateja wake: "Mtu hapana hapa. Mtu iko mbali. Hii ndiyo mtu. Wewe kosea, mtu potea."

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mjane kutoka Unguja, nina wiki tatu tu Guangzhou, China, na maneno yale yalinitia baridi. Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Nikiwa mdogo nilikuwa nikirudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa, ndugu zangu wakinicheka mpaka machozi. Ghalani hakuna aliyenicheka. Woga ule ule ndio ulionilisha kwa miaka kumi na tisa, maana katika kazi ya kuandika mizigo asiyeogopa hafai.

Nyinyi vijana mnaoagiza mzigo kwa kubonyeza simu huenda hamjui maki ni nini, basi nieleze. Maki ni alama ya mwenye mzigo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Unguja hununua kidogo kidogo, jinzi Xintang, mikoba Shiling, vifaa vya simu hapo hapo Xiaobei katikati ya Guangzhou, na vyote hivyo havitoshi kujaza kontena. Kwa hiyo mizigo ya watu ishirini au thelathini huchanganywa ndani ya kontena moja, na huo ndio tunaouita mzigo wa kichele. Kinachotenganisha robota lako na la jirani yako ni yale maandishi tu. Maki kamili ina jina la mwenyewe kwa kifupi, mji unakokwenda mzigo, na nambari ya robota pamoja na jumla yake. Ukiona 3/17 ujue hilo ni la tatu katika kumi na saba, na yakifika kumi na sita bandarini kuna mtu atalia.

Laobanniang alinifundisha kuandika kwa mkono mmoja bila kupumua. Alinifundisha kuacha nafasi kabla ya kuanza, ili herufi za mwisho zisibanane pembeni. Kila nilipomaliza alinitoa mpaka mlangoni, hatua kumi, akaniambia nisome. Nikisitasita hata kidogo, nilirudia. Jioni ya siku ile vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na nilipokaa kula tambi kwa Waislamu wa Kichina jirani na ghala, niliogopa huenda nimeandika mji usio wake. Niliacha bakuli, nikarudi kuangalia. Nilikuwa nimeandika sawasawa.

Mwaka wa nne nilihamishiwa Shiling, mji wa mikoba, chini ya Mkuu wa Ukaguzi. Alikuwa Mchina mrefu asiyecheka, na kazi yake ilikuwa kukataa. Kiwanda kikileta masanduku mia, yeye alitafuta sababu ya kuyarudisha yote mia. Alinionyesha namna ya kuvuta zipu mara tatu kwenda na kurudi, kunusa gundi, kugeuza bitana nje ndani, na kuning'iniza sanduku lililojazwa mchanga kwa mpini wake ili kuona mshono utakatikia wapi. Nilipokuwa nikikagua haraka haraka alinishika mkono.

"Unatazama sanduku," alisema. "Acha sanduku. Mtazame atakayelibeba. Yuko wapi? Anapanda ngazi? Ana mtoto mkono wa pili?"

Tangu siku ile sijaweza kuona sanduku bila kumwona mtu. Wenzangu walinitania kwamba Bi Zuhura anayaamkia masanduku. Niliwaacha wacheke, kwa sababu ni kweli nilikuwa nikifanya hivyo kimoyomoyo.

Baada ya miaka mitano nilirudishwa ghala kuu, na huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Nyaraka, mtu wa Kariakoo, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye alishughulikia hati za shehena na orodha za mzigo, mimi nikasimamia maki. Enzi zake ndipo nilipokutana na mzigo yatima. Yalikuwa marobota sita ya kijana mmoja wa Unguja, yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Kijana alikwenda nyumbani kuoa, akaugua, akafariki. Marobota yalibaki kwenye pembe ya ghala miezi kumi na moja, jina lake likitazama mlangoni. Nilikuwa nazunguka nyuma ya rafu zote ili nisipite hapo.

"Bi Zuhura," Meneja wa Nyaraka aliniambia siku moja, "unaogopa marobota ya mashuka?"

"Siogopi marobota. Naogopa jina."

"Jina linamng'ata nani?" Alicheka, kisha akavua miwani akaifuta. "Lakini nakuelewa. Mzigo ukipotea unajua mwenyewe yupo, atakuja kukutukana. Huu haujapotea. Umekaa tu unamngoja." Hata yeye alianza kuzunguka nyuma ya rafu, mpaka kaka wa marehemu alipokuja kuuchukua.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu bila hayo hamtaelewa kwa nini niliacha kazi vile nilivyoiacha.

Mjukuu wangu Nasra aliletwa Guangzhou akiwa na miaka minne. Mama yake, binti yangu Rahma, alikuwa akifanya biashara ya nguo za watoto, na sote watatu tuliishi ghorofa ya tisa pale Xiaobei, juu ya mtaa wa Dengfeng ambao haunyamazi. Mtoto aliingia skuli ya Kichina, akakijua Kichina kuliko sisi sote. Mimi nakisema cha sokoni, nakisema vizuri, naweza kugombana kwacho. Kukisoma siwezi. Barua, matangazo, maandishi ya dawa, yote alinisomea Nasra, na wala hakuwa na makuu.

Alipofikisha miaka minane Rahma alirudi Unguja kufungua duka, na tukakubaliana kwamba Nasra amalize mwaka wa skuli kisha amfuate. Mwaka huo ulipokaribia kwisha, mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, kijana wa Dar es Salaam aliyeniheshimu kama mama yake, aliniomba niitumie miezi hiyo kumfundisha atakayeshika brashi baada yangu. Basi mtoto angetangulia peke yake. Mashirika ya ndege yana utaratibu wa hayo: mtoto huvishwa shingoni mfuko wenye karatasi zake, mhudumu humshika mkono, na upande wa pili hukabidhiwa kwa mzazi. Nilimwambia Nasra, "Wewe tangulia, bibi anakuja baadaye." Alikubali, akaanza kuhesabu siku kwa furaha.

Nilimnunulia sanduku Shiling, la kijivu, nililivuta zipu mara tatu mwenyewe. Kisha nikafanya nilichokuwa nikifanya kila siku ya maisha yangu. Nilichukua rangi nyeupe nikaandika kwa herufi za kuonekana hatua kumi: NASRA, ZANZIBAR, na mwaka wake wa kuzaliwa ili asichanganywe na Nasra mwingine. Chini nikaweka 1/1. Mtoto alisimama mlangoni akasoma, akapiga makofi. "Hatua kumi, bibi! Naona!"

Wiki mbili kabla ya safari skuli yao iliwapa kazi ya mwisho: kila mtoto aende na mkubwa wake kwenye maonyesho yoyote ya mjini, aandike alichokiona. Nami nilikuwa nimeona tangazo kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Picha yake ilikuwa ya masanduku, rundo la masanduku ya zamani ya ngozi na ya mbao, yenye pembe za chuma, na juu ya kila moja limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Nilisimama pale watu wakinipita, nimefurahi kama mjinga. Maandishi ya Kichina sikuyajua, lakini jengo lililochorwa chini nililijua, basi ninalopanda hupita mbele yake. Nikajiambia, kumbe wameweka maonyesho ya mizigo, na maki za zamani zimo. Mtoto ataandika habari za kazi ya bibi yake. Mtu mwingine yeyote angemuuliza jirani yake tangazo linasema nini. Mimi niliona masanduku, nikadhani yananihusu.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mlangoni Nasra alisoma kibao. "Bibi, wameandika Wayahudi. Ulaya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia."

"Eeh, Wazungu walikuwa mafundi wa ngozi tangu zamani," nilimjibu, nikamvuta mkono tuingie. Naandika maneno haya uso ukiniwaka.

Chumba cha kwanza kilikuwa na picha za watu nyumbani kwao. Harusi. Fundi cherehani ameinama. Watoto wawili na mbwa wao. Nasra alinisomea majina kwa sauti ya kawaida, nami nikawa nasema hewala, hewala, nikitafuta masanduku kwa macho. Chumba cha pili kilikuwa na mwanga mdogo, na sauti ya Nasra ikaanza kushuka. Alisoma kwamba watu wale, kwa kuwa ni Wayahudi, walikatazwa na serikali kufanya kazi zao, wakakatazwa skuli, wakaandikwa kwenye orodha. Neno orodha lilinisimamisha. Nilitazama watu waliokuwa wakitembea humo, nikaona hakuna anayezungumza, na hapo nikajua kwamba nimemleta mtoto mahali nisipopajua.

Ningetoka wakati ule. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikutoka. Nadhani ni kwa sababu ukuta ulipokata kona, masanduku yalikuwa mbele yangu.

Picha ilijaa ukuta mzima, na chini yake, ndani ya kioo, liliwekwa sanduku moja la kweli. Maelezo ya Kichina sikuweza kuyasoma, lakini maki niliweza. Zilikuwa herufi ninazozijua. Nilizisoma moja moja: jina, mji, mwaka wa kuzaliwa. Zimeandikwa kwa brashi, rangi nyeupe. Na mimi najua mkono wa mtu. Huyu alianza kwa herufi kubwa mno, nafasi ikamwishia, akazibana za mwisho pembeni. Mwingine alichora mistari miwili kwa penseli kwanza ili jina lisipinde, na ile mistari ilikuwa ikionekana bado. Mtu hachori mistari kama hategemei kulipokea sanduku lake. Yule alikuwa na hakika atasimama mahali, ataliona kwa mbali, aseme lile ni langu.

"Nisomee hapa," nilimwambia Nasra.

"Wanasema waliambiwa wanahamishwa, wanakwenda kufanya kazi. Wakaambiwa waandike majina ili wasipotelewe na mizigo yao." Kisha akanigeukia.

"Halafu?"

"Bibi, nisisome."

"Soma, mwanangu." Nilimlazimisha. Nilitaka kujua mpokeaji alikuwa nani, maana kila mzigo una mpokeaji, na kwenye maki zile sikumwona.

"Wanasema wengi waliuawa siku ile ile waliyofika. Na watoto wao." Alisoma kwa Kiswahili polepole, akitafuta maneno, na neno kuuawa alilikosea akalirudia vizuri, kama ninavyomsahihisha siku zote. Nimeona mambo ya aibu katika maisha yangu, lakini hakuna lililonishinda kama lile, kumfanya mtoto wa miaka tisa anisomee yale kwa sababu mimi sikujua kusoma.

Nasra alikuwa ameinama kwenye kioo. Sanduku la ndani lilikuwa dogo, la mtoto. Alihesabu kwa vidole kutoka mwaka ulioandikwa mpaka mwaka wa safari yao. "Mdogo kuliko mimi," alisema.

Nilimshika bega nikamgeuza tuondoke. Njia ya kutokea ilipita kwenye ukuta mwingine, na hapo nilishukuru Mungu kwa haraka, kwa sababu ilikuwa picha ya watoto walio hai. Walisimama kwenye kituo cha treni, wamevaa makoti, kila mmoja kavishwa shingoni kadi yenye nambari. Nasra alisoma bila kuambiwa.

"Hawa walipona, bibi. Walipelekwa nchi nyingine kabla ya vita. Peke yao."

"Alhamdulillahi. Umeona sasa? Walipona."

"Wazazi wao walibaki. Waliwaambia wao watakuja baadaye."

Nilimvuta mkono tutoke. Hakusogea, aliendelea kusoma.

"Wengi hawakuja. Waliuawa." Kisha akaniangalia, macho makavu kabisa. "Na wewe umesema utakuja baadaye."

Tulipofika nyumbani niliingia jikoni kuchambua mchele, kwa sababu mchele huipa mikono kazi. Nikasikia mkwaruzo. Nasra alikuwa amepiga magoti sebuleni, ameshika kijiko, anakwangua jina lake kwenye sanduku. Alikuwa amefika kwenye S.

"Sisafiri," alisema, bila kuacha kukwangua. "Mtu akiandikwa kwenye sanduku haonani tena na watu wake."

Nilimpigia simu Rahma. "Mama, mwambie ni mambo ya zamani, ya watu wengine, ya huko Ulaya," binti yangu alisema. "Mwambie huku namngoja. Wewe ni mtu mzima, utashindwa kumtuliza mtoto?"

Nilishindwa. Sikuwa nimerukwa na akili. Nilijua hatufukuzwi na mtu, na kwamba mjukuu wangu anapanda ndege kwenda kwa mama yake aliyemtandikia kitanda. Nilijua pia kwamba yaliyowapata wale watu si ya kulinganishwa na safari ya mtoto mwenye tiketi na juisi mkononi. Lakini kila neno la kumtuliza nililolishika niliona wale wazazi walikuwa nalo kabla yangu. Usiogope. Ni siku chache. Tutaonana huko. Bibi hawezi kukudanganya. Waliyasema yote, na hawakuwa waongo. Nilikaa sakafuni karibu na mjukuu wangu, nikakusanya vipande vya rangi alivyokwangua. Woga niliouzoea ulikuwa wa kukosea herufi. Huu haukuwa na cha kurudi kukiangalia.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Mkurugenzi. Nilimkuta na orodha ya kontena lililokuwa likipakiwa siku hiyo, nusu limejaa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kuaga. Nasafiri na mtoto."

Alidhani namtania. "Miezi minne tu imebaki. Kijana wako hajajua hata kupanga nafasi. Na tulikuandalia sherehe, watu wanakuja mpaka kutoka Shiling."

"Niombee radhi kwao."

"Kuna nini? Mgonjwa?"

Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hiyo ni kwa sababu ya picha, mama?"

"Kwa sababu ya maki," nilimwambia. Alitazama ukutani, ambako kulikuwa na picha ya ghala letu na marobota yamepangwa, majina yote yakitazama mbele. Hakunibishia tena.

Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kuondoka kontena likiwa wazi. Ni mwiko wangu. Mwenye maki hukaa mpaka milango ifungwe na lakiri ipigwe, ndipo anakwenda kunawa. Siku ile nilimkabidhi kijana brashi huku makuli wakiendelea kupakia, nikamwambia, "Hatua kumi. Na kila robota ni mtu," nikatoka. Nilisikia milango ya chuma nyuma yangu, sikugeuka. Mpaka leo mwiko ule unaniuma.

Nyumbani nilichukua dawa ya kufutia rangi na kitambaa. Tulifuta pamoja, mimi na Nasra, mpaka kikabaki kivuli cheupe na mikwaruzo ya kijiko. Nilimwambia, "Tunakwenda wote. Sikwambii nini kitatokea, kwa sababu sijui. Nakwambia tu tutakuwa pamoja." Alifikiri kidogo. Akaenda kuchukua brashi yangu ndogo, ile ya akiba, akaandika kwenye sanduku lake 1/2. Halafu akalivuta sanduku langu kuukuu akaliandika 2/2. Jina hakuandika hata moja.

Uwanja wa ndege wa Guangzhou, dada wa kaunta alipofunga karatasi ya shirika kwenye mpini wa sanduku, Nasra alinishika kanga kwa mikono miwili. Hakuniachia mpaka Dar es Salaam. Hata chooni ndani ya ndege tulikwenda pamoja. Tulipofika, mizigo ilianza kutoka kwenye mkanda. Masanduku ya kijivu yalikuwa mengi kupita kiasi, na mimi, fundi wa maki, nilisimama nikiwa nimechanganyikiwa kama abiria wa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyesema, "Lile, lenye mikwaruzo." 1/2 tukalipokea. La pili halikuonekana. Watu waliondoka mmoja mmoja, mkanda ukazunguka mtupu, Rahma, aliyevuka kutoka Unguja kutupokea, akatupungia mkono kwa nje ya kioo, na mtoto alikataa kumwendea mama yake aliyekuwa hajamwona mwaka mzima.

"Haijatimia, bibi," alisema. "Nambari mbili bado."

Nilisimama naye, moyo ukinidunda kwa ajili ya sanduku lenye madira na viatu. Lilikuja la mwisho kabisa, limelala ubavu. Nasra alilikimbilia, akalikumbatia mbele za watu.

Sasa nimestaafu, naishi Unguja kwa binti yangu. Vijana wanaokwenda Guangzhou hunijia kuniuliza, nami nawaambia yale niliyoambiwa: acheni nafasi kabla ya kuanza, andikeni jumla, vuteni zipu mara tatu, someni kutoka mlangoni. Nawaambia pia wajifunze kusoma maandishi ya pale walipo, wasiishi miaka kumi na tisa wakitegemea macho ya mtoto. Wakiniuliza kama naikumbuka kazi, nasema naikumbuka sana. Lakini mkono wangu haujaandika jina la mtu juu ya sanduku tangu siku ile. Nikipita mahali wanapopanga mizigo na majina yametazama mbele, nazunguka nyuma, na safari hii hayupo Meneja wa Nyaraka wa kunicheka.

Masanduku yetu mawili yako juu ya kabati, moja juu ya jingine. Nasra ana miaka kumi sasa na anakwenda skuli jirani tu, mwendo wa dakika chache. Kila asubuhi akishavaa viatu husimama mlangoni, mgongo kwangu, mkono kwenye komeo.

"Bibi, nambari mbili iko wapi?"

"Iko hapa," namjibu.

Ndipo anafungua mlango na kwenda. Hajawahi kuondoka kabla sijajibu. Nami nina miaka sitini na miwili, na kila siku najibu haraka, kwa sauti ya kufika hatua kumi, nikiogopa asubuhi ile atakayouliza nami nisiwepo kujibu, asimame pale pale, mkono kwenye komeo, akingoja.